Kipimo cha jeni kinachosema Mmasai hawezi maziwa

Chukua mate ya mzee wa Kimasai aliyekunywa maziwa tangu utotoni bila tumbo kumsumbua. Yapeleke kwenye maabara inayouza kipimo cha jeni cha uwezo wa kumeng'enya maziwa. Jibu linaweza kurudi likisema hana uwezo huo. Maabara haikuchanganya sampuli wala mashine haikuharibika. Imetazama sehemu moja tu ya vinasaba, ile ambayo watu wa Ulaya ya kaskazini wana badiliko lao, na kwa mzee huyu hapo hapana kitu. Badiliko lake yeye liko herufi 100 kamili pembeni.

Vinasaba ni kama maandishi marefu ya herufi nne tu, A, C, G na T. Hizo herufi 100 zinastahili kuelezwa kwa kina, kwa sababu humo ndimo unamoonekana wazi kabisa mfano wa mageuko ya binadamu yaliyotokea juzijuzi, na yametokea kwetu Afrika Mashariki.

Tuanze na maziwa yenyewe. Maziwa ya ng'ombe yana takriban gramu 4.8 za laktosi kwa kila mililita 100, kwa hiyo kikombe cha mililita 250 kina kama gramu 12. Laktosi ni sukari mbili zilizoshikana, glukosi na galaktosi, na ukuta wa utumbo mwembamba hauipitishi ikiwa nzima. Lazima ikatwe kwanza na kimeng'enya kiitwacho laktasi. Mtoto mchanga anacho kwa wingi. Baada ya kuachishwa ziwa, kwa mamalia karibu wote kimeng'enya hiki hufifia, na ndivyo inavyokuwa kwa takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani. Laktosi isiyokatwa hushuka hadi utumbo mpana, huvuta maji, bakteria huichachusha, gesi hutoka. Tumbo hujaa na kunguruma, pengine mtu anaharisha, mara nyingi kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kunywa. Huu si ugonjwa. Ndiyo hali ya zamani ya binadamu, na wenye laktasi inayodumu hadi utu uzima ndio waliobadilika.

Jeni yenyewe, LCT, iko kwenye kromosomu ya 2, na kwa wenye laktasi ya kudumu na wasio nayo inatengeneza kimeng'enya kilekile. Tofauti iko kwenye swichi. Na swichi hiyo, jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wengi, imo ndani ya jeni jirani, MCM6, katika kipande chake cha 13 kati ya vile ambavyo havitafsiriwi kuwa protini. Wataalamu huhesabu kurudi nyuma kutoka mwanzo wa LCT, ndiyo maana namba zina alama ya kutoa: -13910 ni herufi iliyo nafasi 13,910 kabla ya jeni kuanza. Badiliko katika swichi hufanya protini fulani zishike vinasaba mahali hapo kwa nguvu zaidi, na LCT huendelea kufanya kazi umri ambao ingekuwa imezimwa.

Mwaka 2002 timu ya Nabil Enattah nchini Finland ilionyesha kwamba katika familia za Kifini laktasi ya kudumu inaandamana na herufi T badala ya C kwenye -13910. Habari ikaenea, vipimo vikatengenezwa. Kisha watu wakapima wafugaji wa Afrika wanaojulikana kwa kunywa maziwa, na T hiyo ikawa haba sana au haipo kabisa.

Jibu lilikuja mwaka 2007, katika utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, mtaalamu wa jeni wa Marekani, pamoja na wenzake wa huku, miongoni mwao Thomas Nyambo wa Muhimbili, Sabah Omar wa KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Muntaser Ibrahim wa Khartoum. Walipima watu 470 kutoka makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, kwanza kwa kuwanywesha laktosi, kisha kwa kusoma herufi za swichi. Wakakuta mabadiliko matatu mapya: C badala ya G kwenye -14010, G badala ya T kwenye -13915, na G badala ya C kwenye -13907. La kwanza ndilo lililoenea zaidi kwa wafugaji wa Kenya na Tanzania. La -13907 lilionekana zaidi kwa Wabeja wa Sudan na majirani wa upande huo. Lile la -13915 limeshamiri Bara Arabu, ambako linahusishwa na ufugaji wa ngamia. Baadaye likaongezwa jingine, -14009, linalopatikana Sudan na Ethiopia.

Angalia ramani hiyo vizuri. Watu waliofuga mahali tofauti, wanyama tofauti, nyakati tofauti, wamefikia tabia moja ya mwili kwa herufi tofauti, zote ndani ya eneo la herufi 104 tu. Hakuna aliyempa mwenzake. Mageuko yalipita mlango mmoja mara kadhaa.

Sasa tuingie maabara, maana huko ndiko makosa yanakozaliwa.

Kosa la kwanza ni lile la mzee wetu: kupima -13910 peke yake. Hesabu inaonyesha ukubwa wake. Tabia hii hutawala, yaani nakala moja yenye badiliko, ya baba au ya mama, inatosha kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo wasio na laktasi ya kudumu ni wale tu wenye nakala mbili za zamani. Tuseme katika jamii fulani -14010 ina mgawo wa 0.25 (yaani robo ya nakala zote katika jamii hiyo) na -13915 ina 0.05, huku -13910 ikiwa 0. Anayepima -13910 tu atatangaza asilimia 0. Anayepima -14010 tu atapata 1 kutoa 0.75 mara 0.75, yaani asilimia 44 hivi. Anayepima zote atapata 1 kutoa 0.70 mara 0.70, asilimia 51. Jamii moja, majibu matatu, na yote yatachapishwa kwa uhakika uleule. Dawa ni kusoma eneo lote kwa mfuatano, herufi baada ya herufi, badala ya kutumia kichunguzi cha herufi moja, yaani kipande kifupi cha vinasaba kinachoshika mahali pamoja tu. Kichunguzi kina ubaya mwingine pia: badiliko la jirani likikaa chini yake, kinashindwa kushika vizuri, na sampuli inasomwa vibaya au inakataa kabisa.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Kromosomu ina nyuzi mbili zinazokabiliana, wa mbele na wa kinyume, na LCT na MCM6 zimeandikwa kwenye uzi wa kinyume. Hifadhidata nyingi na chipu za kusomea vinasaba huripoti herufi za uzi wa mbele, ambako A hukaa mkabala na T, na C mkabala na G. Kwa -13910 (rs4988235, namba yake katika hifadhidata) hakuna shida kubwa: T ya laktasi inasomeka A, C inasomeka G, na ukiona A au G unajua papo hapo kwamba uzi umegeuzwa. Kwa -14010 (rs145946881) mambo ni mengine. Herufi ya laktasi ya kudumu ni C, ya zamani ni G. Ukigeuza uzi, ya kudumu inakuwa G na ya zamani inakuwa C. Herufi ni zilezile mbili, zimebadilishana kazi tu! Mtu asiyeangalia uzi atasema wenye badiliko hawana na wasio nalo wanalo, na jedwali halitampa dalili yoyote. -13907 (rs41525747) ina mtego uleule, C na G. -13915 (rs41380347) haina, kwani T na G zinageuka A na C.

Kinga yake ni rahisi na haigharimu kitu: kabla ya kuchambua, tafuta sampuli chache za watu ambao hali yao unaijua kwa kipimo cha kunywa, au za jamii ambayo badiliko hilo halipo kabisa. Kama -14010 inaonekana karibu asilimia 100 kwa watu wa Asia ya Mashariki, umesoma uzi kinyume.

Kipimo cha kunywa nacho kina taratibu zake. Mtu hatii kitu mdomoni usiku kucha, isipokuwa maji. Asubuhi anapimwa sukari ya damu kidoleni. Anapewa gramu 50 za unga wa laktosi zilizokorogwa katika mililita 250 za maji, kiasi kinacholingana na lita moja hivi ya maziwa. Kisha anapimwa tena kila baada ya dakika 20 kwa saa moja. Chukua kipimo kikubwa kuliko vyote, toa kile cha mwanzo. Ongezeko linalozidi milimoli 1.7 kwa lita linamaanisha laktosi imekatwa na glukosi imeingia damuni, yaani laktasi inadumu. Chini ya 1.1, haidumu. Katikati ni eneo la shaka, na liachwe hivyo hivyo bila kulazimisha.

Penye kuharibika ni pengi. Glukomita za mkononi zinaruhusiwa na kanuni za kimataifa kukosea hadi milimoli 0.83 kwa lita pale sukari ikiwa chini ya 5.6, na hiyo ni karibu nusu ya kipimo kinachotenganisha makundi. Kwa hiyo pima mara mbili kila wakati, kwa mashine ileile na kopo lilelile la vijiti, na uchukue wastani. Aina fulani za vijiti husoma galaktosi kana kwamba ni glukosi, na humu galaktosi imo. Soma karatasi iliyomo ndani ya boksi kabla ya kununua. Mwenye kisukari asiingizwe. Mtu aliyeharisha wiki hizo, au mwenye minyoo na maambukizi yaliyochubua ukuta wa utumbo, anaweza kupoteza laktasi kwa muda hata kama swichi yake imewashwa. Ataonekana hana, na baada ya kupona atakuwa nayo. Watoto wadogo nao wasihesabiwe, kwani laktasi yao ya utotoni bado haijamalizika kufifia. Na usichukue ndugu watano wa boma moja ukawahesabu kama watu watano: vinasaba vyao ni vya wazazi wawili.

Wengine hutumia pumzi, wakipima haidrojeni inayotokana na bakteria wa utumbo mpana. Ongezeko la sehemu 20 kwa milioni juu ya kiwango cha mwanzo ndilo linalohesabika. Ni kipimo kizuri hospitalini. Lakini aliyekunywa antibayotiki mwezi huo ameua wazalishaji wa gesi, aliyekula maharage jana yake ana haidrojeni tayari, na wapo watu ambao bakteria wao hutoa methani badala yake. Mahali ambapo antibayotiki hununuliwa dukani bila cheti, mimi ningechagua sukari ya damu.

Tunajuaje kwamba badiliko ni la karibuni? Hapa ndipo hesabu inapopendeza. Kila kizazi, kromosomu mbili za mzazi hubadilishana vipande kabla ya kurithishwa. Kwa wastani, kipande cha herufi milioni moja kina uwezekano wa asilimia 1 wa kukatwa katika kizazi kimoja. Wenye C ya -14010 wanashiriki kipande kinachofanana cha zaidi ya herufi milioni 2, chenye uwezekano wa asilimia 2 hivi kwa kizazi. Baada ya vizazi 100 uwezekano wa kipande hicho kubaki kizima ni 0.98 kwa kipeo cha 100, asilimia 13. Baada ya vizazi 400 ni kama 3 kati ya 10,000. Badiliko la kale, kwa hiyo, huzungukwa na vipande vifupi vilivyochakaa. Hili limezungukwa na kipande kirefu. Na bado limeenea kwa watu wengi. Kitu kichanga kilichoenea sana hakikuenea kwa bahati tu. Kilisukumwa na uteuzi asilia. Watafiti wa 2007 walikadiria umri wake kuwa kati ya miaka 2,700 na 6,800, na faida yake kati ya asilimia 3.5 na 9.7 kwa kizazi.

Faida ya asilimia 5 inaonekana ndogo: kwa kila watoto 100 walioachwa na wasio nalo, wenye nalo waliacha 105. Lakini zidisha 1.05 kwa yenyewe mara 80 na utapata kama 50. Badiliko lililokuwa kwa nakala 1 kati ya 1,000 linafika nakala 50 kati ya 1,000 kwa vizazi 80, miaka kama 2,000. Wakati huohuo, hata badiliko zuri namna hii lina uwezekano wa takriban asilimia 10 tu wa kunusurika siku zake za mwanzo, likiwa bado kwa mtu mmoja. Huyo mtu akifa na ukame kabla ya kuzaa, limekwisha. Bila shaka mabadiliko mengine ya aina hii yalizaliwa na kupotea bila sisi kujua.

Mifupa na vyungu vinakubaliana na hesabu, ila vinaongeza jambo. Protini za maziwa zimepatikana kwenye ugaga wa meno ya watu waliozikwa Sudan miaka 6,000 hivi iliyopita, na kwa wafugaji wa kale wa Lukenya, Kenya, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Watu walikuwa wakitumia maziwa. Lakini vinasaba vya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, vilivyochapishwa mwaka 2019, vilionyesha badiliko la -14010 kwa mmoja tu, aliyezikwa katika pango la Gishimangeda kaskazini mwa Tanzania miaka kama 2,000 iliyopita. Kwa hiyo maziwa yalitangulia na swichi ikafuata, tena kwa muda mrefu. Ulaya ni vivyo hivyo: utafiti mkubwa wa mwaka 2022, uliotumia mafuta yaliyoganda kwenye maelfu ya vigae, ulikuta maziwa yametumika maelfu ya miaka kabla T ya -13910 haijaenea, na wingi wa matumizi ya maziwa haukueleza kasi ya kuenea kwake. Njaa na maradhi vilieleza vizuri zaidi.

Maelezo hayo nayaona yana mashiko, hasa kwa nchi kavu. Mtu mzima mwenye afya akiharisha kwa sababu ya maziwa, anapata usumbufu wa mchana mmoja. Mtu aliyekonda kwa njaa, mwili hauna maji, akiharisha kwa maziwa hayohayo, anaweza kufa. Mwaka wa ukame, mtama ukikosekana na maziwa yakabaki ndicho chakula pekee bomani, ndipo herufi moja inapotenganisha watakaoacha watoto na wasioacha. Uteuzi haukuhitaji kufanya kazi kila mwaka. Ulihitaji miaka mibaya.

Na hadi swichi ilipokuja watu walikuwa na kibuyu. Maziwa yakiganda, bakteria hula sehemu ya laktosi, na walio hai kwenye mtindi, maziwa lala, mursik ya Wakalenjin au ikivuguto ya Rwanda huendelea kuikata ndani ya utumbo. Samli karibu haina laktosi kabisa. Utamaduni ulifanya kazi ya kimeng'enya kwa maelfu ya miaka, na kwa watu wengi wa pwani na bara bado unaifanya leo. Aliyeambiwa hana laktasi ya kudumu asitupe maziwa: watu wazima wengi wa namna hiyo huvumilia gramu 12 kwa mara moja, yaani kikombe, hasa wakinywa pamoja na chakula. Chai ya maziwa ina laktosi kidogo kuliko hapo. Ila aliyevimba midomo au kuota vipele baada ya kunywa maziwa ana tatizo jingine kabisa, mzio wa protini, na mtindi hautamsaidia.

Linabaki fumbo la Wahadzabe. Ni wawindaji na wakusanyaji wa eneo la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, hawana historia ya kufuga, na hata hivyo karibu nusu ya waliopimwa katika utafiti wa 2007 walionyesha laktasi ya kudumu, wakati kwa Wasandawe ilikuwa asilimia 26 na kwa Wabeja 88. Herufi zinazojulikana hazitoshi kulieleza. Tahadhari ya kwanza ni ya takwimu: ukipima watu 18 na 9 wakawa nayo, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 26 na 74. Tahadhari ya pili ni ndoa za zamani na majirani wafugaji. Ya tatu ndiyo inayovutia: laktasi hukata pia florizini, kemikali chungu iliyomo katika baadhi ya mimea, kwa hiyo huenda kimeng'enya kilidumishwa kwa kazi isiyohusu maziwa hata kidogo. Kulijaribu wazo hilo kunahitaji orodha ya mizizi na matunda wanayokula, kipimo cha florizini kwenye kila kimoja, na swichi yote ya MCM6 ikisomwa herufi kwa herufi, uzi ukiwa umeandikwa wazi juu ya jedwali.